Mtutu wa .22: hatimaye matundu ni duara

Karatasi niliyoichukua leo mita 50 ina matundu ya duara tupu. Nimeikagua kwa mwanga wa jua, tundu moja moja, na sijaona hata moja lenye umbo la yai. Kwa wasioufuatilia mradi huu: ni bunduki ya zamani ya bolti (komeo la kufunga nyuma ya mtutu kwa mkono), inayopiga .22 LR, risasi ndogo ya milimita 5.7 hivi, niliyoinunua ikiwa imeshatumika sana, na tangu nianze kuipiga ilikuwa inatupa risasi ubavu, yaani zinafika zimelala badala ya kutanguliza ncha. Ningesumbuka kidogo tu kama zingepinduka zote. Lakini zilikuwa zinaingia tatu safi, ya nne inaacha tundu refu lenye weusi upande mmoja, ya tano huioni kabisa kwenye karatasi. Tatizo linalokuja na kuondoka linakula akili.

Kila niliyemwonyesha karatasi zile alitaja msokoto, yaani jinsi mifuo (mifereji ya ndani ya mtutu) inavyojizungusha ili kuizungusha risasi, kabla sijamaliza kueleza. Siwalaumu, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Jeshi la Marekani liliona hivyo kwa bunduki yake ya M16 ya mwanzo: msokoto wa 1:14 (mzunguko mmoja kila inchi 14) ulikuwa mdogo mno hewa ikiwa ya baridi na nzito, wakapandisha hadi 1:12 miaka ya 1960, na baadaye toleo la M16A2 likapewa 1:7 kwa ajili ya risasi ndefu zaidi. Kwa hiyo nilipima. Kitambaa kilichobana kwenye rodi yenye mpini unaozunguka, alama ya wino juu ya rodi, nikasukuma taratibu mpaka alama ikarudi juu: milimita 406 hivi, yaani 1:16, msokoto wa kawaida kabisa wa .22 LR.

Nikaenda kwenye kanuni ya George Greenhill ya 1879, ambayo bado naipenda kwa sababu unaifanya kwa kalamu tu. Chukua 150, gawanya kwa urefu wa risasi ukihesabu kwa vipenyo vyake, jibu ni msokoto, nao kwa vipenyo. Risasi yangu ya grain 40 (kipimo cha uzito, gramu 2.6 hivi) ina urefu wa mm 11.9 na kipenyo cha mm 5.7, sawa na vipenyo 2.09. Jibu linakuja karibu 72, mara 5.7 ni mm 409. Inchi 16.1. Msokoto wa mtutu huu umekaa pale pale unapotakiwa. Ningekuwa napiga zile ndefu za grain 60, ambazo zinataka 1:9, hoja ingeishia hapo na ningebadilisha risasi. Sivyo ilivyokuwa.

Kubadilisha aina za risasi hakukusaidia. Kusugua mabaki ya madini ya risasi karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, hakukusaidia. Nilikaza skrubu zote za kitako (ule mbao unaobeba mtutu), ingawa kitako kilicholegea hutawanya risasi tu, hakizipindui.

Kilichonifungua macho ni karatasi nyembamba. Nilizitundika mita 5, 10 na 25, zote kwenye mstari mmoja, nikapiga risasi moja moja na kuandika namba pembeni ya kila tundu. Risasi mbaya ilikuwa tayari ina tundu la yai kwenye karatasi ya mita 5! Haikupotelea njiani, basi. Ilitoka mdomoni ikiwa inayumba. Tangu hapo niliacha kufikiria kitu kingine chochote isipokuwa sentimita chache za mwisho za mtutu.

Hapa niseme neno kuhusu kamera za kuchungulia mtutu, hizi za bei nafuu zenye kioo kidogo ubavuni. Kila mtu anazisifu. Mimi zinanichosha. Ukiitia kwenye mtutu wowote utaona makovu, mikwaruzo na kutu ya kukutisha, hata kwenye mtutu unaopiga vizuri kuliko wote ulionao. Picha haikwambii kipi ni kovu la sura na kipi ni ugonjwa. Kwangu mimi kifaa bora bado ni kipande cha madini laini ya risasi na kiganja cha mkono. Bolti nje, chemba tupu, mafuta kidogo, unagonga kipande kile kiingie upande wa chemba halafu unakisukuma kwa rodi polepole. Mkono unasikia kila kitu. Kilikaza, kikaendelea kukaza kwa usawa mpaka karibu na mwisho, halafu rodi ikakimbia ghafla. Nilidhani nimesukuma kwa nguvu. Nikarudia na kipande kipya. Ikakimbia pale pale.

Nikageuza, nikajaribu kuingiza kipande cha kipenyo cha mm 5.7 kupitia mdomoni. Mtutu mzima hukikataa kwenye ukingo. Huu ulikimeza kwa kidole tu, zaidi ya sentimita moja. Nikawasha taa ndogo na lenzi: mtutu una mifuo sita, na matuta ya katikati ya mifuo upande wa juu yalikuwa bado na kingo kali, lakini yale ya upande wa chini yalikuwa yamelainika hadi karibu kutoweka. Ulaji wa upande mmoja kiasi hicho ni kazi ya rodi. Rodi ya chuma ya kuunganisha vipande, iliyoingizwa kwa mdomo miaka na miaka, ikilalia chini kila inapopita.

Na aliyeimiliki kabla yangu alikuwa na sababu ya kusafisha sana. Fataki za zamani, yaani kiwashio cha baruti ndani ya risasi, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu usiosafishwa mapema unapata kutu. Mtutu huu uliokolewa na kutu ukaliwa na rodi.

Maana yake kwa risasi ni hii. Inatoka kwa mwendo wa mita 325 hivi kwa sekunde, ikizunguka takriban mara 800 kwa sekunde, na kitu cha mwisho kuigusa ni mdomo wa mtutu. Mdomo ukiwa umepanuka upande mmoja, gesi inavujia upande huo kwanza na kuisukuma risasi kwa nyuma wakati bado haijaachiwa upande wa pili. Zingine zinavumilia, zingine zinapinduka. Hapo ndipo tatu safi na moja mbaya zilipokuwa zinatoka.

Dawa zipo mbili: kukata mtutu na kutengeneza mdomo mpya, au kuupanua kwa ndani sehemu iliyoliwa ili risasi iachiwe mapema, pale mifuo ilipo mizima. Nilichagua ya pili kwa sababu urefu wa nje haubadiliki na kilenga cha mbele kinabaki mahali pake. Siyo ubunifu mpya; bunduki nyingi za kijeshi za Kirusi za Mosin-Nagant zilizokarabatiwa kwenye karakana za Kisovyeti zina midomo iliyopanuliwa hivyo hivyo. Kazi yenyewe nilimpelekea fundi bunduki mwenye leseni na mashine ya kukereza, kwa sababu kekee ikipinda hata kidogo unarudi ulikotoka. Alitumia kekee yenye ncha laini inayoongozwa na matuta mazima ya ndani, akaingia sentimita nne, kisha akakata ukingo mpya huko huko ndani. Nilipokagua kwa lenzi, mifuo yote sita ilikuwa inaishia kwenye mstari mmoja mkali, inang'aa. Nimekaa nikiutazama ukingo ule muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ni kazi nzuri mno.

Ratiba ilisema baada ya hapa ni traiga (kifyatulio), halafu kukalisha mtutu upya kwenye kitako. Vyote vimesimama. Uchafu unajikusanya kwenye lile tundu pana la mdomoni na kitambaa hakiufikii vizuri, kwa hiyo nimeshika kazi ya kukereza bomba la shaba la kukaa mahali pa bolti, liongoze rodi katikati ya mtutu kuanzia chemba, pamoja na kijiti cha plastiki chenye kichwa cha kipenyo cha tundu lile. Bomba limeshatoboka sawa. Kipenyo cha nje bado kinakwaruza kidogo kwenye fremu, nakipunguza kwa msasa.