Kikwapa cha Shangazi

Machi 2019 kikundi cha maigizo nilichokuwa nacho Dar es Salaam kilitakiwa kuhama. Mwenye nyumba alihitaji chumba tulichokitumia kama stoo, na humo mlikuwa na magunia ya maleba yaliyorundikwa mchezo baada ya mchezo. Viongozi wakaamua haraka: taa, spika na ngoma zihamishwe, magunia yaende jalalani. Nguo zimechakaa, walisema, na zinanuka. Niliomba wanipe Jumamosi hiyo tu kabla gari la taka halijaja. Jioni nikaenda Magomeni kwa shangazi yangu, kwa sababu karibu kila kilichokuwemo kilipita kwenye cherehani yake.

Shangazi hakusomea maigizo popote. Kazi yake ilikuwa sare za shule na magauni ya harusi. Siku moja kikundi kilipokosa mavazi ya askari wa Kijerumani kwa mchezo wa Vita vya Maji Maji, walimpelekea jora la khaki wakamwomba awashonee. Tangu hapo wakawa wanarudi kwake kila mwaka. Kwenye karatasi za maonyesho aliandikwa mwandishi, mwongozaji, waigizaji, wapiga ngoma, hata mwenye duka aliyetoa soda za wageni. Fundi hakuandikwa kamwe. Jambo hilo lilikuwa likiniuma tangu nikiwa mdogo, nikikaa chini ya meza yake ya kukatia nikiokota pini kwa sumaku.

Alikuja asubuhi na mkasi, chaki, mikeka miwili na chetezo.

"Shikamoo, Shangazi. Na chetezo cha nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nguo iliyolala gizani haikung'utwi tu. Inapigwa jua kwanza wadudu watoke, halafu inafukizwa. Ila jua la asubuhi tu, la mchana litaipausha kaniki."

Tulitandika uani. Mimi nilikuwa nimeandaa daftari lenye safu za mchezo, mwaka, mhusika na jina la aliyevaa. Nilidhani tukijaza hizo tumeokoa historia. Shangazi alilitazama, akalirudisha. Akachukua koti la afisa wa Kijerumani, lile la kola ya kusimama, akaligeuza ndani nje na kulilaza juu ya mkeka.

"Andika hiki," akasema, kidole chake kikiwa kwapani.

Pale palikuwa na kipande cha khaki chenye pembe nne, kidogo kuliko kiganja, kimeshonewa kati ya mkono na ubavu. Kilikuwa kikwapa, kile kile cha kwenye kanzu. Babu yangu alikuwa fundi wa kanzu, na Shangazi alijifunza kwake: kaba, taharizi, kikwapa, kila kipande na kazi yake. Alipoletewa picha ya koti la Kijerumani aliona mara moja kwamba mtu aliyelivaa hawezi kuinua bunduki juu ya kichwa, wala kucheza, wala kuanguka vizuri, maana mkono umebanwa na koti zima litapanda juu. Kwa hiyo alilikata Kizungu kwa nje, na ndani akaweka ujuzi wa baba yake. Miaka yote watazamaji waliona Mjerumani. Hata picha bora kabisa ya mchezo ule haiwezi kukuonyesha kikwapa hicho.

Basi tukaanza upya. Kila nguo tuliigeuza, nikapiga picha mishono, yeye akasimulia. Mapindo yalikuwa mapana vidole vitatu, kwa sababu mwigizaji wa mwaka huu ni mwembamba na wa mwakani atakuwa na kitambi. Mkulima aliyetakiwa kugeuka askari ndani ya ubeti mmoja wa wimbo alivaa nguo moja yenye pande mbili, imefungwa mgongoni kwa kulabu kubwa. Nilimuuliza kwa nini hakutumia ile tepu ya kubandika kama ya viatu vya watoto. Akasema ina kelele inapobanduliwa, na ingesikika katikati ya wimbo. Shuka la merikani la mpiganaji mmoja lilikuwa na kitambaa chekundu kilichokunjwa ndani ya bitana. Risasi ikilia, mwigizaji anavuta uzi na damu inashuka mpaka gotini. Merikani yenyewe aliichovya kwenye chai ya rangi, akaisugua msasa magotini na viwikoni ionekane imelimiwa. Vifungo vya dhahabu vya maafisa vilikuwa vizibo vya soda vilivyopondwa bapa.

Tulipopumzika tule mihogo nilimwonyesha kwenye simu habari ya wiki chache nyuma: Ruth E. Carter ameshinda Oscar ya ubunifu wa mavazi kwa filamu ya Black Panther, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Shangazi alifurahi kwa dhati, akakuza picha za mablanketi ya Kisotho, akasifu rangi. Kisha akauliza, "Na walioshona?"

Nikamweleza kwamba sanamu hupewa mbunifu, na majina ya wakataji, washonaji na watia rangi hupita mwishoni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Lakini nikamwambia pia habari ya Barbara Karinska. Mwaka 1949, tuzo hiyo ya mavazi ilipotolewa kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa miongoni mwa walioipata, na sifa yake kubwa ilikuwa kushona yale yaliyochorwa na wengine. Alizaliwa Kharkiv, akaishia New York akiwashonea wachezaji wa baleti. Kitambaa cha kifuani na ubavuni alikikata hanamu, yaani mshazari, ili kinyumbuke mchezaji anapovuta pumzi.

Shangazi aliacha kutafuna. "Kumbe naye alikuwa na kikwapa chake."

Sidhani kuna mhakiki aliyewahi kumweleza Karinska kwa usahihi zaidi ya hapo.

Baada ya chakula nikamwambia sasa tuandike jina lake kwenye kila nguo. Akakubali kwa masharti mawili. Kwanza, kitambulisho kishonwe pindoni kwa utepe wa pamba, si shingoni, kwa kuwa shingoni kinamkwaruza mwigizaji. Pili, jina lake lisikae peke yake. Akaanza kuwataja: mama aliyesuka ukili wa mifupa ya kofia za askari, jirani aliyemsaidia kuchovya vitambaa kwenye pipa, kijana wa gereji aliyeponda vizibo, binti aliyetarizi joho la liwali mpaka macho yakamuuma. Wengine walishafariki. Alinitajia majina yao matatu matatu na mitaa waliyokaa, akanisomesha tena kuhakikisha sijakosea herufi. Ukurasa wa nguo moja ukawa na watu watano.

Alasiri mwenyekiti wa kikundi akaja kuuliza kama gari liitwe. Shangazi hakubishana naye. Alimvisha koti la afisa, akamwambia ainue mikono yote miwili juu kabisa, kisha akamvisha la dukani aliloazima kwa jirani, akamwambia afanye vilevile. La dukani lilimkaba. Akalivua, akaligeuza lile la kwanza mwenyewe na kutazama kwapani kwa muda mrefu. Gari halikuitwa.

Hatukuokoa yote. Gunia moja lililokaa sakafuni lilikuwa limeliwa na mchwa. Mengine tuliyafunga kwa merikani iliyofuliwa wanga ukatoka, yenye shanga tukayalaza badala ya kuyatundika, kulabu zenye kutu tukazifumua. Yako kwenye masanduku nyumbani kwa Shangazi, na daftari nimelitolea nakala ambayo kikundi kinayo.

Mchezo ule ulipochezwa tena, fundi mpya, binti wa chuo, alishona makoti kwa kufuata daftari. Alipomaliza la kwanza alilipeleka Magomeni. Shangazi aliingiza mkono kwapani, akakuta kikwapa kimeshonwa kikiwa kimekaa vibaya, akamrudishia mkasi na kumvutia kiti.