Njia ya Siagi, kutoka Cork hadi Kerry

Katika mji wa Cork, nchini Ireland, nilipanda kwanza kilima cha Shandon. Soko la siagi lilifunguliwa pale mwaka 1770, na katika karne ya 19 lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Wakaguzi walidunga kila pipa kwa bambo, wakanusa, wakaonja, kisha wakalipangia daraja. Leo pana makumbusho. Lakini mimi nilitaka kufika siagi ilikotoka, basi nikashika barabara ya kwenda jimbo la Kerry kupitia Millstreet, walikopita wakulima na farasi wao na mapipa ya kilo 25 hivi.

Karibu na Killarney, kwenye mashamba ya makumbusho ya Muckross, mama mmoja mzee alinikabidhi mchi kabla hata sijaketi. Ukikuta watu wanasukasuka maziwa, aliniambia, sharti useme Mungu aibariki kazi na utwange kidogo. Ukitoka bila kugusa mchi, umetoka na siagi ya wenyewe. Siku ya Mei mosi ndiyo waliogopa zaidi siagi yao kuchukuliwa hivyo: hata kaa la moto halikutolewa nyumbani. Nilitwanga mpaka mabega yakauma, ndipo chembe za manjano zikaanza kujitenga na mtindi.

Kanisa la kijijini kwao ni la mawe, halina madoido. Zamani, sheria zilipowabana Wakatoliki, misa zilisomewa kwenye majabali porini. Baada ya sheria ya mwaka 1829 kuwafungulia milango, makanisa yalizidi kujengwa. Mama alisimulia alivyosikia kwa wazee: wanaume walisomba mawe kwa mikokoteni yao, asiye na senti akatoa siku zake za kazi.

Na senti zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye siagi, na siagi ilikuwa kazi ya wanawake. Nyumbani walikula viazi na mtindi. Siagi yenyewe ikauzwa ili kumlipa mwenye ardhi kodi yake. Hata katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliendelea kupakiwa melini. Kwenye jiwe la ukuta wa kanisa nilisoma jina la padre. Wanawake hawamo, na hilo liliniuma.

Mwaka 1889 kiwanda cha siagi cha ushirika kilianza Dromcollogher, jimbo la Limerick, na vingine vikafuata. Bibi yake mama yule alifurahi kupumzisha mikono, ila malipo ya kiwanda yalikuja kwa jina la babu.