Mama mkubwa hajaringa

Jumapili usiku

Leo kwenye arobaini ya mjomba, Bunju, limezuka tena lile neno: mama mkubwa siku hizi amejitenga. Msibani hakuonekana, alituma rambirambi kwa simu. Mmoja akadakia, "Basi na wa kwake tutamzika kwa simu." Wakacheka. Nilikuwa nyuma nasugua masufuria, nikashindwa kunyamaza.

Mama mkubwa anakaa Chanika, upande mwingine kabisa wa Dar es Salaam kutoka Bunju, tena ndani ndani. Kutoka kwake mpaka lami ni bodaboda tu, na masika yakianza bodaboda inamtoza kuliko daladala lenyewe. Akifika kituoni, magoti hayo. Gari la asubuhi halipandwi, linagombaniwa. Wenye nguvu zao wanageuza nalo: wanalipanda likiwa linaenda kumalizia safari, wanalipa nauli mara mbili, ilimradi warudi nalo wakiwa wamekaa. Yeye hata hiyo ya mara moja anaipigia mahesabu.

Konda namwelewa, ingawa ananiudhi. Jioni lazima hesabu ya tajiri mwenye gari itimie, sasa bibi anayepanda kwa kujivuta anamchelewesha. Ndiyo maana na mwanafunzi wa nauli pungufu anaachwa kituoni na begi lake mgongoni. Halafu usiku ukiingia magari yanakatisha ruti, unashushwa njiani na huko mbele utajijua. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, tunaisikia tangu 2016, ilipoanza na watu wa Kimara. Hata ikifika Gongo la Mboto, Chanika bado ni mbele.

Kwa hiyo Chanika–Bunju kwa mama mkubwa si safari ya kwenda na kurudi. Ni kulala. Na kulala nyumba ya msiba, mtu mzima mwenye dawa zake za presha, kuna mwenyeji atakayekuambia karibu huku anahesabu mikeka.

Ila mjini hapa tunazikana kwa kuonana. Fedha ya simu inaandikwa kwenye daftari, lakini daftari halina safu ya "alitaka kuja." Anayekosa misiba miwili mitatu haulizwi tena kuhusu kitchen party, wala kikao cha posa. Taarifa inamfikia jambo likiwa limeshapita. Kikoba chake cha Buguruni alishakiacha. Kliniki anaruka miezi, na hilo pale leo hakuna aliyelitaja. Akinipigia siku hizi hakati simu; mazungumzo yakiisha ananiuliza bei ya nyanya huku kwetu.

Basi nikawaambia: kisomo kijacho tukifanyie kwake. Eneo analo, mwembe wa kivuli upo. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Huko kuna gari gani? La mwisho kurudi saa ngapi? Na mvua ikinyesha? Yule wa "tutamzika kwa simu" akataka kujua kama tutakodi Coaster.

Nikamjibu ampigie mwenyewe mama mkubwa amuulize njia, namba anayo.