Uhuru Afrika kwa watu tisa: tulipofikia na mazoezi

Hatimaye wiki hii tumepiga albamu nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kukatisha. Kwa aliyeanza kufuatilia sasa: tunaandaa onyesho la kuienzi Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa jazi wa Brooklyn, Marekani. Aliirekodi New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na Tanganyika ilikuwa bado inangoja zamu yake.

Weston alikusanya wanamuziki zaidi ya ishirini, na aliyewapangia sauti ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni. Sisi tuko tisa. Swali lililonisumbua muda wote ni nani apunguzwe. Mwanzoni nilibakiza wapulizaji wengi kadiri nilivyoweza, midundo yote nikawaachia mpiga dramsi mmoja na mpiga tumba mmoja. Muziki ulitoka safi, lakini haukuwa huu. Ukisikiliza rekodi utawakuta wapiga ngoma na dramsi: Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba, Max Roach na Charlie Persip wa Marekani, tena besi mbili, George Duvivier na Ron Carter. Hao hawakuwekwa kuwa pambo. Ndio albamu yenyewe! Sehemu ya tatu, "Bantu", bila ngoma nyingi kujibizana haina miguu ya kusimamia.

Basi nimeondoa saksafoni moja, nikamleta mpiga tumba wa pili, mzee aliyekulia kwenye bendi za dansi. Alisikiliza kidogo, akasema, "Wanangu, karatasi wekeni pembeni, niongezeeni besi niisikie." Kuanzia hapo dramsi na tumba wakaanza kuachiana nafasi, na wapulizaji wachache waliobaki wakasikika wakubwa kuliko walivyokuwa wengi.

Utangulizi bado unanisisimua kila tukiurudia. Ni shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, na kwa Kiswahili linasomwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Sauti ya mtu wa kwetu, studio ya New York, bendera yetu haijapanda! Anayelisoma kwetu ni mwalimu wa sekondari mwenye sauti nzito. Nimemwomba asikimbilie mstari unaofuata, aiache ngoma imjibu kwanza, kwa sababu naye ni mmoja wa wapigaji.

"African Lady", sehemu ya pili, ilitupa kazi kidogo. Kwenye rekodi wanaimba wawili, Martha Flowers na Brock Peters; sisi tuna mwimbaji mmoja, dada mwenye sauti ya juu. Ile sauti ya kiume nimeipa tromboni, na nadhani inafaa hasa, kwa heshima ya Liston.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hii. Hilo litasemwa jukwaani, kwa sentensi chache, kabla hatujaanza. Vijana wengi wanaijua jazi kama muziki wa kulia chakula hotelini, na nataka wajue wanachokisikiliza kiliwahi kuogopwa.

Kilichobaki ni "Kucheza Blues", sehemu ya mwisho, ambayo Weston aliiwazia kuwa sherehe ya siku Afrika yote itakapokuwa huru. Kila mpigaji atapata zamu yake ya kupiga peke yake, ila bado hatujakubaliana nani afunge. Mimi nawataka tumba wawili. Pia nimeomba safu za viti vya mbele ziondolewe ili watu wapate pa kuchezea. Mwenye ukumbi amekubali safu moja, na kesho naenda kumwomba ya pili.