Hasi elfu themanini

Asubuhi mzee mmoja anayebeba dagaa kwa pikapu yake kutoka Kibirizi alikuja hapa Mwanga kufuatilia dai lake la bima ya gari. Taa ya mbele imevunjika, fundi kaandika 220,000. Nikaingiza kwenye jedwali langu la Excel, nikachapa, nikamkabidhi karatasi bila hata kuitupia jicho.

Mzee akavaa miwani. Akasoma, akarudia.

“Mwanangu, hapa malipo mmeandika hasi elfu themanini. Yaani taa ivunjike yangu, na hela niwaletee nyie?”

Nilicheka. Nikaacha, maana mwenzangu hakuwa anacheka.

Kosa ni langu. Eksesi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, kwenye mkataba wake ni asilimia 10 ya hasara, ila isipungue 300,000. Usiku niliandika MAX(10%*D2,300000), D2 ikiwa ni hasara, na nikajiona fundi, kwa sababu hapo wengi hujikwaa: ukisikia “kima cha chini” vidole vinakimbilia MIN, inayochukua kilicho kidogo. Ukiweka MIN, hasara ya milioni tano inakatwa 300,000 badala ya 500,000, na mteja gani atakuja kulalamikia hilo? Kima cha chini hulindwa na MAX, inayochukua kilicho kikubwa kati ya viwili. Sawa. Ila sikuwaza kabisa hasara iliyo ndogo kuliko kima chenyewe. 220,000 toa 300,000, mzee akawa mdaiwa wetu.

Kumbe MIN nayo ina kazi yake, huko nje ya MAX, kuzuia eksesi isiipite hasara. Sasa fomula ya eksesi iko hivi (B2 ni aina ya bima, kubwa au ndogo; C2 ni chanzo cha hasara):

=IF(AND(B2="KUBWA",TRIM(C2)="WIZI"),MIN(D2,MAX(20%*D2,500000)),IF(B2="KUBWA",MIN(D2,MAX(10%*D2,300000)),D2))

Wenye bima ndogo wanaangukia mwisho, kwenye D2 tupu: gari lao wanalitengeneza wenyewe. Wizi lazima utangulie. IF ikikutana na sharti la kweli haisomi mbele tena. Ningeanza na KUBWA peke yake, gari la milioni 18 lililoibwa lingekatwa milioni 1.8 badala ya 3.6, na sharti la wizi lingebaki pambo. (Dada wa mapokezi huandika WIZI na kuacha nafasi mwishoni. Herufi kubwa au ndogo Excel haijali, nafasi inaijali. Nimemzungushia TRIM, inayofuta nafasi za ziada, sijamwambia.)

Nilichapa upya. Malipo: 0. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu hasi ilikuwa kichekesho, sifuri ndiyo ukweli.

“Kwa hiyo nilikuwa nalipia nini mwaka mzima?”

Nikamweleza habari ya gari kupinduka, gari kuungua, gari kuibwa. Alisikiliza kwa adabu, akaikunja ile karatasi ya kwanza, yenye hasi, akaitia mfukoni. Nilimwomba anirudishie. Akasema hapana, hiyo anawapelekea wenzake mwaloni.