Siku niliyompata fundi wa keki za ghorofa

Darasa la wanaoanza lilinipa kile nilicholipia: kuoka sponji isiyodidimia katikati, kupaka krimu ya siagi ikanyooka, kukamua nakshi kwa nozeli ya nyota, na kufunika keki ndogo kwa fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa kama donge. Nilitoka na cheti, na hamu ikiwa imeongezeka. Nilitaka keki za harusi, zile za ghorofa tatu zinazosimama ukumbini na waridi za sukari ambazo wageni hubishana kama ni za kweli. Hapo ndipo nilipogonga mwamba.

Karibu kila mwalimu niliyempigia simu Dar es Salaam alikuwa na darasa la wanaoanza. Waliosema wana darasa la juu, nikiwauliza wanafundisha nini, walinitajia yale yale niliyokwisha kuyafanya, ila ada ilikuwa kubwa zaidi. Mtandaoni nilisoma habari za shule ya Wilton iliyoanza Chicago mwaka 1929, lakini nauli ya huko ingemeza mtaji wangu wote. Video zilinifaa kwa maua. Ila niliowatazama walikuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vya jikoni vyenye baridi, na mimi nilikuwa napamba kwenye joto la Februari, siagi ikilainika mkononi.

Nikaacha kuulizia nani anafundisha, nikaanza kuulizia nani anapata oda. Wanaolijua hilo ni wauza vifaa vya keki pale Kariakoo. Kijana mmoja wa duka akaniambia, "Dada, kuna mama wa Ilala, yeye vibao vya keki anachukua vile vinene tu, vya kubeba keki za ghorofa. Leo lazima apite, subiri." Nikasubiri nimebanana na maboksi hadi alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza shida yangu yote pale pale dukani. Alinisikiliza huku akichagua waya za maua, kisha akanitazama mikono. "Kucha hizo kata. Njoo Ijumaa, Jumamosi tuna harusi. Ada sitaki, ila utafanya kazi."

Nimehudhuria mafunzo mengine tangu siku ile, yenye vyeti vizuri, na bado naamini sijafundishwa zaidi ya usiku ule wa Ijumaa. Keki zilikuwa zimeshaokwa. Kwa ajili ya joto alizipaka kwanza ganashi, sehemu tatu za chokoleti nyeupe kwa moja ya krimu, akaacha igande mpaka kingo zikawa kali. "Siagi tupu haivumilii mchana wa Dar," akasema. "Ikikaribia nyuzi 32 inaanza kukuaga." Ndipo akafunika fondanti juu yake. Ghorofa ya chini ilipotoka kwenye friji ikaanza kutoa jasho, matone madogo kila upande. Nikanyoosha mkono na kitambaa. Akanizuia. Ukifuta, alama inabaki. Ukiiacha mbele ya feni, unyevu unaondoka wenyewe na fondanti inarudi ilivyokuwa. Jambo hilo moja lingeweza kuniokoa hasara nyingi, na hakuna aliyewahi kulitaja darasani.

Vijiti vya kubebea ghorofa ya juu alivikata mbele yangu. Alichomeka kimoja hadi chini, akaweka alama usawa wa keki, akakitoa, akakata vingine vyote kwa kipimo hicho hicho. Kimoja kikizidi urefu, ghorofa ya juu inaegemea. Kila ghorofa ilikaa juu ya kibao chake, kwa hiyo uzito ulibebwa na vijiti, wala sponji haikuelemewa.

Maua ndiyo yaliyonikesha. Alikuwa amekanda fondanti na unga wa kukazia uitwao CMC ili ikauke ngumu, na petali tulizitandaza juu ya kipande cha sifongo laini, tukizikondesha ukingoni kwa kijiti chenye kichwa cha duara mpaka mwanga ukapita. Yangu za kwanza zilikuwa nene. Aliziweka pembeni bila neno, akanishika vidole na kunionyesha kwamba kichwa cha kijiti kikae nusu juu ya petali, nusu nje yake. Kuanzia hapo zilijikunja zenyewe, kama petali za waridi la bustanini.

Jumamosi tulipeleka ghorofa zikiwa zimetenganishwa, zimewekwa kwenye sakafu ya gari palipo bapa, kiyoyozi kikiwaka njia nzima. Mama alimwomba dereva apunguze mwendo kabla ya kila tuta. Ukumbini tulizipandanisha, na kati ya ghorofa na ghorofa ukabaki ufa mwembamba. Akanipa mfuko wenye nozeli namba 16.

"Ziba hapo, uzunguke."

Bibi harusi alikuwa bado saluni, wapambaji wanavuta vitambaa juu ya viti, na mimi nikazunguka keki ile yote nikikamua nakshi ndogo ndogo zenye umbo la kombe za baharini, moja ikigusa mkia wa nyingine, hadi nilipokutana na nilipoanzia. Mama alikuja akainama, akakagua usawa wa macho.

"Wiki ijayo tuna sendofu Tabata," akasema akikusanya vifaa. "Maua ya pembeni yatakuwa yako. Anza Jumatatu, yapate muda wa kukauka."