Farasi wa kazi, si wa picha

Watu wakiona picha zangu juu ya farasi huku Laikipia wanadhani niko likizo 😂. Jamani, hii ni kazi. Tunachunga ng'ombe wa Boran, na hao hawamshtukii farasi kama wanavyoshtukia pikipiki. Unapita katikati ya kundi polepole, unamwona anayechechemea, aliyekonda, anayekaribia kuzaa.

Kabla ya kupanda, kwato kwanza. Nainua mguu mmoja mmoja, natoa mawe na matope kwa ndoano ya chuma. Kisha brashi mgongoni, hasa pale tandiko linapokaa, maana mbegu moja ya nyasi chini ya blanketi inatosha kumtia kidonda. Mkanda wa tumbo nakaza mara mbili: wengine hujaza pumzi ukifunga, wakishaitoa tandiko linapinduka nawe ukiwa juu. Wajanja hao!

Kinachonitia hofu zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, ambao huongezeka mvua ikinyesha. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuonekana wagonjwa, na hapa kwetu pundamilia ni wengi. Kwa hiyo chanjo kila mwaka, na jua likianza kushuka farasi wote bandani, hata kama kazi haijaisha.

Swali kwa wenzangu wa mifugo: kupe wa masikioni mnawatoaje farasi akiwa hataki kuguswa kichwa? Wangu akiona mkono tu anainua shingo kama twiga.